Plagi Hubadilishwa Lini? Historia ya Uamuzi wa Kifundi katika Njia ya Jambiani, Unguja

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali linaloonekana dogo: plagi za gari hubadilishwa lini? Kwa kufuata njia iliyopo kati ya kijiji cha Jambiani na Mjini Unguja, kuanzia zama za ukoloni hadi sasa, makala yanaonesha kwamba jibu la swali hilo halikuwahi kuwa la kifundi peke yake. Liliamuliwa pia na upatikanaji wa fedha za kigeni, hali ya barabara, aina ya mafuta, hewa ya bahari na ujuzi wa mikono ambao haukuandikwa popote. Chanzo kikuu ni kopo la plagi kuukuu lililoachwa na dereva mmoja wa gari la shamba, ambaye ni babu wa mwandishi, pamoja na simulizi za familia na maarifa ya jumla ya ufundi wa injini. Makala yanahitimisha kwamba ujuzi wa kusafisha plagi, uliokuwa fadhila katika zama za uhaba, unaweza kuwa chanzo cha hasara katika zama za plagi mpya, na kwamba mabadiliko hayo yanastahili kuandikwa kabla wenye ujuzi huo hawajaondoka.

1.0 Utangulizi

Babu yangu mzaa mama alikuwa dereva wa gari la abiria lililokuwa likitoka Jambiani alfajiri na kurudi kutoka mjini alasiri. Alipofariki, warithi waligawana minazi, kiwanja na vyombo vya nyumba. Mimi, niliyekuwa nikisoma historia, nilipewa kitu ambacho hakuna mtu mwengine aliyekitaka: kopo la maziwa ya unga lililojaa plagi kuukuu. Nilizihesabu, zilikuwa 43. Kati ya hizo, 19 zilikuwa za Champion, 8 za Lodge, 5 zilikuwa na jina la Isolator, lililokuwa la kiwanda cha Ujerumani Mashariki, na 11 zilikuwa za NGK ya Japani. Zote zilikuwa zimesafishwa na kupakwa mafuta mepesi zisishike kutu, na hakuna hata moja iliyokuwa bado inafaa kutiwa katika injini.

Swali la kwanza la mtu yeyote aliyeliona kopo lile lilikuwa: kwa nini mzee huyu hakuzitupa? Swali la mwanahistoria linapaswa kuwa jengine: kila moja ya plagi hizi ilitolewa lini katika injini, na ni nani aliyeamua kwamba wakati wake umefika? Makala haya yanajaribu kulijibu swali hilo la pili.

Historia ya teknolojia kwa muda mrefu imeandikwa kama historia ya wavumbuzi. David Edgerton, mwanahistoria wa Uingereza, ni miongoni mwa waliopinga mwelekeo huo na kuhimiza kwamba tuandike historia ya vitu vinavyotumika na kutengenezwa, si vinavyobuniwa tu. Kwa upande wa Tanzania, Joshua Grace katika kitabu chake African Motors cha mwaka 2021 ameonesha kwamba mafundi na madereva wa nchi hii hawakuwa wapokeaji tu wa gari kutoka nje, bali waliligeuza kuwa chombo chao kwa maarifa ya gereji. Makala haya yanafuata njia hiyo, lakini yanaingia ndani zaidi, katika kifaa kimoja, katika njia moja, upande wa kusini-mashariki ya Unguja.

2.0 Plagi na Kazi Yake

Kabla ya kuingia katika historia, yafaa kueleza kifaa chenyewe. Plagi ni kipande cha chuma na kauri kinachofungwa kwa uzi wa skrubu katika kichwa cha injini ya petroli, ncha yake ikiwa ndani ya silinda. Umeme wenye nguvu ya maelfu ya volti hutoka katika koili, hupita katika kiini cha plagi na kuruka uwazi mdogo uliopo baina ya ncha mbili. Mruko huo ndio cheche, na cheche ndiyo inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Injini ya dizeli haina plagi ya namna hii, kwani yenyewe huwasha mafuta kwa joto la mgandamizo. Tofauti hiyo itakuwa na uzito katika sehemu ya tano ya makala haya.

Injini ya gari la kawaida hukamilisha kazi yake kwa mapigo manne, hivyo kila plagi hutoa cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Chukua safari ya saa mbili kutoka Jambiani hadi mjini katika barabara ya zamani, injini ikizunguka kwa wastani wa mara 2,000 kwa dakika: kila plagi itatoa cheche 120,000 kabla ya gari kufika. Kila cheche hula chembe ya chuma. Kadiri ncha zinavyolika, uwazi hupanuka, na kadiri uwazi unavyopanuka, koili hulazimika kutoa umeme wenye nguvu zaidi ili uruke. Inafika siku ambapo umeme hauruki tena, hasa gari linapopanda mlima au kubeba mzigo mzito. Hapo ndipo madereva husema gari linamisi: injini inakohoa, inatetemeka, inakula petroli bila ya nguvu, na bomba la moshi linatoa harufu ya mafuta yasiyoungua.

Kuna adui wa pili, nao ni uchafu. Ncha ya plagi ikiwa na joto la takriban nyuzi 500 za Selsiasi au zaidi, masizi yanayoigusa huungua na kuondoka. Ikiwa baridi kuliko hapo, masizi hujikusanya na kuupa umeme njia ya mkato isiyopitia uwaziní. Ikiwa na joto la kupindukia, yaani kupita nyuzi 850 hivi, ncha yenyewe hugeuka kuwa kaa la kuwasha mafuta kabla ya wakati wake. Kwa sababu hiyo kila injini huchaguliwa plagi ya daraja lake la joto.

Adui wa tatu ni wa pwani. Jambiani ni kijiji kirefu kilichojipanga ufukweni, na pepo za kaskazi na kusi huleta hewa yenye chumvi mpaka milangoni. Chumvi na unyevu vikikaa juu ya kauri ya plagi upande wa nje, umeme huteleza juu yake na kuishia katika bodi ya injini bila ya kuingia ndani ya silinda. Chumvi hiyo hiyo hushikisha kutu uzi wa plagi, na plagi iliyoachwa miaka mingi bila ya kufunguliwa huweza kung'oka pamoja na uzi wa kichwa cha injini. Katika mazingira kama haya, kuifungua plagi mara kwa mara, hata kama haibadilishwi, ni kazi yenye maana.

3.0 Kitabu cha Maelekezo na Barabara ya Mawe

Wazo la kuwasha injini kwa cheche ya umeme lilitumiwa na Étienne Lenoir, mjini Paris, mwaka 1860. Lakini plagi iliyoweza kutegemewa ilipatikana mwaka 1902, Gottlob Honold wa kampuni ya Bosch alipotengeneza magneto ya umeme wa nguvu kubwa. Wakati huo Zanzibar ilikuwa na miaka 12 chini ya himaya ya Uingereza, na usafiri wa Unguja ulikuwa wa miguu, punda, gari la ng'ombe na jahazi. Mwaka 1905 reli ndogo iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ilianza kwenda Bububu. Haikudumu: katika miaka ya 1920 ilikwisha kazi, na gari la petroli likabaki bila ya mshindani katika nchi kavu.

Barabara nzuri hazikuanzia Jambiani. Zilifuata karafuu, na karafuu zilikuwa magharibi na kaskazini ya kisiwa, penye udongo mzito. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa mawe ya matumbawe, ambapo watu waliishi kwa uvuvi, ukulima wa kuhamahama baina ya mawe na kusuka kamba za makumbi. Kwa hiyo gari la Jambiani, kwa muda mrefu, lilikuwa gari la barabara ya mawe na vumbi jeupe, kupitia Paje, Kitogani, Pete na Tunguu, mwendo wa takriban kilomita 55.

Magari yaliyokwenda huko yalikuwa malori ya Kiingereza yaliyojengewa bodi za mbao na mafundi seremala wa hapa hapa. Yalikuja na vitabu vya maelekezo kwa Kiingereza, na vitabu hivyo vilikuwa na jibu la wazi kwa swali letu. Ushauri wa kawaida wa zama hizo ulikuwa kwamba plagi zisafishwe na kupimwa uwazi kila maili 5,000, na zibadilishwe kila maili 10,000, sawa na kilomita 16,000.

Ushauri huo ulibeba mambo matatu ambayo haukuyataja: kwamba gari linakwenda katika barabara iliyonyooka, kwamba dereva anaujua umbali aliokwenda, na kwamba duka la vipuri lipo karibu. Tuuweke katika njia ya Jambiani. Gari linalokwenda na kurudi mara moja kwa siku hutembea kilomita 110, na hutimiza kilomita 16,000 baada ya siku zipatazo 145. Injini ya silinda sita ingehitaji plagi sita mpya kila baada ya miezi mitano hivi, yaani plagi 15 kwa mwaka. Na kwa kuwa barabara ya mawe humlazimisha dereva kwenda polepole kwa gia za chini, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita. Plagi ya Jambiani, kwa haki yake, ilizeeka mapema kuliko kitabu kilivyosema.

Petroli yenyewe ilikuwa na sehemu yake. Tangu ilipogunduliwa Marekani mwaka 1921 kwamba kiambata cha risasi huzuia injini kugonga, petroli ya dunia nzima ilianza kutiwa risasi. Mabaki ya risasi hiyo yaliganda katika kauri ya plagi kama rangi ya manjano iliyopakwa, na gari likibeba mzigo mzito mabaki hayo huyeyuka na kupitisha umeme. Plagi 6 kati ya zile 8 za Lodge zilizomo katika kopo bado zina utando huo wa manjano.

4.0 Zama za Uhaba: Kusafisha Badala ya Kubadilisha

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliingia mikononi mwa serikali. Wafanyabiashara wengi wenye asili ya Asia, ambao miongoni mwao walikuwemo wenye maduka ya vipuri, waliondoka. Uhusiano na nchi za kijamaa, hasa Ujerumani Mashariki, ulileta nyumba za Kikwajuni Kilimani na Michenzani, wataalamu na bidhaa. Zile plagi 5 za Isolator ni mabaki ya uhusiano huo yaliyofika hadi chini ya kitanda cha mzee wa Jambiani. Kisha zikafuata kupanda kwa bei za mafuta duniani mwaka 1973 na 1979, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kuporomoka kwa bei ya karafuu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Fedha za kigeni zikawa adimu, na kitu kidogo kama plagi kikawa kitu cha kutafutiwa mtu.

Katika hali hiyo neno kubadilisha lilikosa maana yake ya kitabuni. Palikuwa na plagi zilizomo katika gari na plagi zilizomo katika kopo, na kubadilisha kulikuwa kubadilishana baina ya hizo mbili. Plagi iliyotolewa ilisuguliwa kwa brashi ya waya, ikaoshwa kwa petroli, ikachomwa moto mpaka ikauke, ikapunguzwa uwazi wake kwa kugongwa taratibu, na ikangoja zamu yake. Kipimo rasmi cha uwazi hakikuwepo. Kilichotumika ni jani la msumeno wa kukatia chuma. Jambo hili halikuwa la kubahatisha. Jani hilo lina unene wa milimita 0.6 na kidogo, na uwazi uliotakiwa na injini nyingi za Kiingereza za zama hizo ulikuwa karibu na kiasi hicho hicho. Fundi aliyetumia jani la msumeno alikuwa anapima, tena anapima sawasawa.

Kwa kuwa maili hazikuweza tena kuwa mwongozo, mwongozo ulikuwa rangi. Plagi yenye ncha ya rangi ya chai ya maziwa ilikuwa na afya, pamoja na injini yake. Nyeusi kavu ilimaanisha petroli nyingi kuliko hewa, na fundi aliangalia kabureta. Nyeusi yenye kulowa mafuta ilimaanisha ringi za pistoni zimechoka na oili inapanda juu. Nyeupe yenye malengelenge ilimaanisha injini inaungua. Kwa namna hii plagi ilikuwa barua iliyotoka ndani ya silinda, na aliyejua kuisoma aliijua injini nzima bila ya kuifungua.

Ujuzi huu ulikuwa wa lazima zaidi kwa wenye Vespa. Pikipiki hiyo ya Italia, iliyoanza kutengenezwa na Piaggio mwaka 1946, ilipata wapenzi wengi Unguja, ikafuatiwa na zile za Bajaj kutoka India. Injini yake ilikuwa ya mapigo mawili: cheche hutoka katika kila mzunguko, na oili huchanganywa na petroli kwa kiasi cha sehemu moja kwa hamsini katika aina nyingi. Oili ikizidi, au ikiwa si ya aina yake, plagi huziba. Katika zama za uhaba oili iliyopatikana ndiyo iliyotumika. Hivyo aliyekwenda shamba kwa Vespa alichukua plagi ya akiba na spana yake, na kusimama njiani, kufungua shavu la kulia na kubadilisha plagi kulikuwa sehemu ya safari, si ajali.

Hata hivyo uhaba haukuwa skuli ya ufundi tu. Ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ndiyo sababu ya kuandikwa kwa makala haya. Kwa simulizi ya familia yetu, usiku mmoja wa masika ya mwaka 1983 babu aliamshwa ampeleke mjini mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa uzazi uliokwenda vibaya. Gari lilikuwa na plagi sita zilizokwishasafishwa mara nyingi. Lilipopita Paje lilianza kumisi. Kabla ya Kitogani lilizima. Mvua ilikuwa inanyesha. Alizifungua plagi zote sita kwa mwanga wa kurunzi, akazifuta kwa kanga aliyopewa na mmoja wa wanawake waliokuwamo garini, akazikausha kwa moto wa karatasi, na akazirudisha. Muda wa saa nzima ulipita. Walifika Hospitali ya Mnazi Mmoja alfajiri. Mama alipona, mtoto hakupona.

Mwanahistoria hana ruhusa ya kusema kwamba plagi ndizo zilizomuua mtoto yule. Hatujui hali yake ilikuwaje kabla ya safari, wala kama saa moja ingebadilisha chochote. Tunachokijua ni kwamba babu, kwa maneno ya bibi, hakuacha kujiuliza kama angezibadilisha wiki moja kabla. Swali lake lilikuwa la haki, lakini liliulizwa mahali pasipo pake. Gari halikuwa lake. Alikuwa dereva wa tajiri. Katika magari ya abiria dereva husikia, fundi huona, tajiri hulipa, na katika mwaka ule hata tajiri mwenye fedha mkononi hakuwa na hakika ya kupata plagi sita mpya dukani. Uamuzi ambao babu aliubeba kama kosa lake ulikuwa umekwishafanywa na bei ya karafuu, na upungufu wa fedha za kigeni, na barabara ya mawe.

5.0 Baada ya 1984: Ruhusa, Dizeli na Magari ya Mtumba

Mwaka 1984, chini ya uongozi wa Rais Ali Hassan Mwinyi, Zanzibar ilianza kulegeza masharti ya biashara, na wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kuleta bidhaa kutoka nje. Dubai ikawa karibu kuliko London. Vipuri vya Kijapani vilirudi madukani, na zile plagi 11 za NGK ziliingia katika kopo katika zama hizi. Jambiani nayo ilibadilika: mwaka 1989 ukulima wa mwani wa biashara ulianza Paje na Jambiani, ukawapa wanawake fedha taslimu, na katika miaka iliyofuata nyumba za wageni zilianza kupangana ufukweni. Safari za mjini ziliongezeka.

Lakini wakati plagi zilipopatikana, gari la abiria lilikuwa linaziacha. Malori madogo ya Kijapani yaliyojengewa mabenchi ya mbao, ambayo yalikuja kubeba namba 309 katika njia ya Jambiani, kwa wingi yalikuwa ya dizeli. Dereva wa dizeli hana haja ya kusoma rangi ya plagi. Ujuzi uliokuwa wa hadharani, unaofanywa pembezoni mwa njia mbele ya abiria wote, ukahamia katika taksi, magari madogo ya watu binafsi, mashine za boti na pikipiki.

Magari madogo yenyewe yalikuja yakiwa yametumika Japani. Kitabu chake, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Umbali uliosomeka katika mita hauaminiki daima, na hakuna anayejua plagi zilizomo zilitiwa lini. Hivyo kanuni ya kuhesabu kilomita, iliyoshindwa katika zama za uhaba kwa kukosa plagi, ilishindwa tena katika zama za wingi kwa kukosa hesabu. Mafundi wenye busara waligundua kanuni mbadala: gari la mtumba likifika, plagi zote zifunguliwe, zisomwe, na kama kuna shaka zibadilishwe zote kwa pamoja, ili hesabu ianze upya kutoka siku hiyo.

6.0 Giza la 2008 na 2009: Plagi Inaingia Nyumbani

Umeme wa Unguja hutoka Tanzania Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari. Mwezi wa Mei 2008 umeme huo ulikatika kwa takriban mwezi mmoja, na tarehe 10 Disemba 2009 ulikatika tena, safari hii kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Kisiwa kizima kilijaa sauti za jenereta. Hoteli zilikuwa na mashine kubwa za dizeli. Maduka, vinyozi na nyumba zilitegemea jenereta ndogo za petroli, kila moja ikiwa na plagi moja.

Kwa mara ya kwanza watu wasiokuwa madereva wala mafundi walilazimika kulijibu swali letu, na kipimo hakikuwa kilomita bali saa. Maelekezo ya kawaida ya jenereta ndogo za mapigo manne ni kusafisha plagi kila saa 100 na kuibadilisha kwenye saa 300 hivi. Jenereta iliyowashwa kwa saa sita kila usiku kwa siku 90 ilifanya kazi saa 540. Ilistahili kusafishwa mara tano na kubadilishiwa plagi angalau mara moja katika kipindi kile kimoja, ambapo wenyewe wengi waliinunua wakidhani ni ya kazi ya siku chache. Zile ndogo za mapigo mawili, zenye kuchanganywa oili, zilisumbua zaidi kwa sababu zile zile zilizosumbua Vespa. Wazee waliojua kufuta, kukausha na kupima kwa jani la msumeno walihitajika tena, safari hii na majirani. Babu alikuwa hai. Nakumbuka foleni ya vijana wenye plagi mkononi nje ya nyumba yake baada ya sala ya alasiri.

7.0 Zama za Sasa: Ujuzi Unaogeuka

Mabadiliko mawili ya karibuni yamelipa swali letu sura mpya. La kwanza ni la mafuta. Katika mkutano wa Dakar wa mwaka 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuondoa risasi katika petroli, na kufikia mwanzo wa 2006 kazi hiyo ilikuwa imekamilika. Lengo lilikuwa afya ya watoto, lakini plagi nazo zilifaidika: ule utando wa manjano umetoweka.

La pili ni la plagi yenyewe. Plagi ya kawaida ya nikeli katika injini ya leo hudumu baina ya kilomita 30,000 na 50,000. Plagi zenye ncha ya platinamu au iridiamu, ambazo ni ngumu zaidi na nyembamba zaidi, huweza kufika kilomita 100,000. Magari madogo ya Kijapani yanayojaa Unguja leo huja na mojawapo ya aina hizi, na mara nyingi mwenye gari hajui ni ipi.

Hapa ndipo ujuzi wa zamani unapogeuka. Plagi ya iridiamu haisuguliwi kwa brashi ya waya, kwani ncha yake nyembamba huharibika. Uwazi wake huwekwa kiwandani, na kuugonga huivunja. Zaidi ya hayo, magari mengi ya sasa yana koili moja juu ya kila plagi. Plagi iliyochakaa ikiachwa kazini hailazimishi tena koili moja ya gari zima bali huiunguza koili yake, na koili ina bei kubwa kuliko plagi. Kwa hiyo kitendo kilichomsaidia babu kuvuka zama za uhaba, yaani kusafisha na kurudisha, leo huweza kumtia hasarani mjukuu wake. Soko nalo limeleta tatizo jipya: plagi za bandia zenye majina makubwa, ambazo maandishi yake hufutika kwa kidole na kauri yake hupasuka mapema. Bei ndogo isiyoelezeka ndiyo dalili yake ya kwanza.

Kutokana na historia hii, jibu la leo kwa mwenye gari la petroli wa Jambiani laweza kufupishwa hivi:

(a) Ajue kwanza aina ya plagi iliyomo. Asipojua, azifungue na kuzisoma. Gari jipya la mtumba libadilishiwe zote na tarehe iandikwe.

(b) Za nikeli zibadilishwe kati ya kilomita 30,000 na 50,000, za platinamu au iridiamu karibu na 100,000, au kama kitabu cha gari husika kinavyosema.

(c) Kwa sababu ya chumvi, asingoje kilomita hizo bila ya kuzitazama. Zikaguliwe kila mwaka, injini ikiwa imepoa kabisa, na kauri ifutwe kwa kitambaa kikavu.

(d) Gari likimisi, likichelewa kuwaka asubuhi au likianza kula petroli kuliko kawaida, plagi ni za mwanzo kutazamwa kwa kuwa ni rahisi. Lakini rangi isomwe kabla ya kununua mpya: plagi iliyolowa oili haiponi kwa kubadilishwa, kwani ugonjwa upo katika injini.

8.0 Hitimisho

Makala haya yalianza na kopo la plagi 43. Yameonesha kwamba kila kundi lililomo ndani yake linatokana na mpango wake wa uchumi: Champion na Lodge za biashara ya kikoloni, Isolator za urafiki wa kijamaa, NGK za biashara huria. Katika kila awamu swali lilikuwa lile lile, na anayelijibu alibadilika: kitabu, kisha jicho la fundi, kisha hesabu ya mtu asiyejua gari lake limetoka wapi.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, mafundi na madereva wa shamba walikuwa na elimu iliyopimika. Jani la msumeno na rangi ya chai ya maziwa vilikuwa vipimo, ingawa havikuandikwa, na elimu hiyo haipaswi kuitwa ubabaishaji. Pili, elimu hiyo ilikuwa na mpaka, na mpaka huo haukuwa wa mwenye elimu. Yule mzee alijua vizuri kwamba plagi zake zimekwisha. Hakuna fundi duniani anayeweza kubadilisha kitu kwa kitu kisichokuwepo.

Utafiti zaidi unahitajika kwa mafundi wa mashine za boti na wa Vespa, ambao wengi wao sasa ni watu wazima sana. Kwa upande wa familia yetu, kopo limebaki kwangu. Nimezipanga plagi kwa aina zake na kuandika karatasi ya kila moja. Zile sita za mwaka 1983, bibi alikuwa anazijua: babu alizifunga kwa uzi pamoja, mbali na nyengine, na ndivyo zilivyo mpaka leo.